Jina la Duka si Pambo

Kuna kazi moja ambayo kwa muda mrefu imeachiwa wachoraji wa vibao, nayo ni kazi ya kumshauri mtu atafutaye jina la biashara yake. Imeachwa kwa kudhaniwa kuwa ni jambo dogo, lisilostahili kuingia darasani wala kujadiliwa katika mikutano ya walimu. Matokeo yake ndiyo haya tuyaonayo leo. Mfanyabiashara mdogo wa Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akitaka kulipa duka lake jina, huambiwa na mshauri mmoja achague jina la Kiingereza ili aonekane mtu wa maendeleo. Na mshauri wa pili humpa neno la Kiswahili lililookotwa katika simu kwa sababu tu lapendeza masikioni. Hakuna amwulizaye neno hilo lina maana gani, wala watakaolisikia watalielewaje.

Sisi twasema kwamba washauri wote wawili wanamkosea mtu huyo. Twasema pia kwamba mwalimu wa Kiswahili apitaye mbele ya kibao kila siku akitikisa kichwa, kisha akaenda zake kufundisha ngeli, hajatimiza wajibu wake. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini jambo hili ni letu, na kuwajibu wale wanaosema kwamba si letu.

JINA KATIKA DESTURI YA WASWAHILI

Waswahili hawakuanza jana kutia maneno katika bidhaa. Yale maandishi yaliyo upande wa chini wa kanga huitwa jina, na mnunuzi ajuaye anachokitafuta hulisoma jina kabla hajakubaliana na muuzaji juu ya bei. Mke humpelekea mkwewe ujumbe kwa kanga. Jirani hujibu kwa kanga nyingine. Majahazi nayo yalipewa majina, na baadaye malori na mabasi. Katika mambo yote hayo jina lilikuwa ahadi, au dua, au onyo, na aliyelitoa alijua kwamba litasomwa na watu wenye akili. Ndiyo maana wazee walisema kwamba jina jema hung'ara gizani.

Basi haifai kuichukulia desturi hiyo kana kwamba ni ya pwani peke yake. Kiswahili kilipopanda bara kilipanda pamoja na biashara. Neno duka lenyewe lilitoka kwa Wahindi, likaingia katika Kiswahili, na kutoka hapo likaenea katika lugha nyingi za bara, hata Mnyankole naye husema eduuka. Mtu aliyefungua duka katika sehemu hizi, tangu siku ya kwanza, alikuwa amesimama juu ya neno lililosafiri.

KWA NINI NAKIVALE

Makazi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro, kusini mwa Mbarara, kandokando ya ziwa la jina hilo hilo. Yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa kwanza kupokelewa humo walikuwa Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959. Tangu wakati huo wamewasili Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 ilimpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini, na serikali humpa kipande cha ardhi cha kulima. Kwa sababu hiyo biashara ndogo ndogo zimechipuka kila mahali: viosi vya unga na sabuni, mafundi cherehani, vinyozi, wauza mawese, wachaji simu, na akina mama wenye kupika chakula cha kuuza.

Mkimbizi amepoteza vitu vingi ambavyo haviwezi kurudishwa kwa msaada. Ardhi aliyopewa si yake ya kuuza. Kadi aliyonayo imeandikwa na ofisi. Hata jina la sehemu anayokaa alilikuta, au liliwekwa na waliomtangulia. Si bure kwamba sehemu moja ya Nakivale yenye pilikapilika za soko inaitwa New Congo: watu walitaka angalau neno moja waje nalo. Jina la duka ni mojawapo ya vitu vichache ambavyo mtu huyo aweza kuvichagua mwenyewe kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Kumwambia kwamba jina hilo ni pambo tu, au kumchagulia mwingine kwa haraka ili kazi ya siku hiyo iishe, ni kumnyang'anya kitu alichobakia nacho.

Pamoja na hayo, Kiswahili kina kazi Nakivale ambayo lugha nyingine haiwezi kuifanya kwa urahisi. Katika makazi hayo wanaishi pamoja watu ambao makwao walikuwa pande mbili za vita moja. Jina la duka likiwa katika lugha ya kabila, mpita njia hujua papo hapo mwenye duka ametoka upande gani, naye huenda akapita bila kuingia. Jina la Kiswahili halimuulizi mtu kabila lake. Mkongo wa Kivu, Mrundi aliyewahi kukaa kambini Tanzania, Msomali aliyepitia Nairobi, na dereva wa lori kutoka Mbarara, wote watalisoma bila kuona kwamba wamefungiwa mlango. Hiyo ni faida ya biashara, na ni faida ya amani.

NENO MOJA, MASIKIO MENGI

Lakini hapa ndipo wanapokosea wale wadhanio kwamba neno lolote la Kiswahili linafaa. Kiswahili cha sehemu hizi kimepita katika mikono mingi, na si mikono yote iliyokuwa safi. Neno lililo tukufu Songea laweza kuwa la kutisha Kivu, na neno la kuchekesha Nairobi laweza kumliza mzee wa Mbarara. Tutoe mifano.

Mama mmoja anauza mafuta ya kupikia, naye atamani kuandika juu ya kioski chake MAFUTA MINGI. Mwalimu aliyetoka chuoni juzi ataona kosa moja tu, atasema yafaa kuwa mengi. Mzee wa Uganda ataona jambo jingine kabisa. Baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972, maduka yao waligawiwa watu waliokuwa karibu na utawala, na hao waliotajirika ghafla ndio walioitwa mafuta mingi. Jina hilo lilikuwa la dhihaka na la uchungu. Kosa la sarufi lililomo limekwisha kuwa sehemu ya historia ya nchi, na kulisahihisha hakuwezi kuliosha.

Kijana mwingine amepata gari la abiria, anataka kuliita PANDA GARI. Sarufi yake ni timamu, na maana yake yaafiki kazi. Hata hivyo, katika Uganda ya miaka ya mwanzo ya 1980, panda gari lilikuwa jina la misako ya askari, ambapo watu walikusanywa barabarani, wakapakiwa katika malori na kupelekwa kuhojiwa, na wengine hawakurudi. Ni nani mwenye umri wa kukumbuka ambaye atapanda gari hilo kwa moyo mkunjufu?

Tazama tena neno SABASABA. Kwa Mtanzania ni tarehe 7 Julai, siku ambayo chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954, na ni jina la maonyesho makubwa ya biashara ya Dar es Salaam. Kwa Mkenya ni siku ya mwaka 1990 ambapo watu waliandamana kudai vyama vingi. Kwa wengi wetu siku hizi ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Lakini kwa Mganda aliyeviona vita vya mwaka 1979, sabasaba ni makombora ya jeshi la Tanzania. Mji wa Mbarara ulitekwa Februari mwaka huo, na sehemu yake kubwa ikabomolewa. Neno la sherehe hapa ni neno la magofu pale.

SIMBA nalo ni vivyo hivyo. Dar es Salaam ni klabu ya mpira. Kongo ya mashariki ni waasi wa mwaka 1964. Mbarara ni kikosi cha jeshi kilichokuwa na kambi yake pale, kambi iliyoshambuliwa Septemba 1972 na Waganda waliotoka uhamishoni Tanzania. MAJIMAJI, ambalo muuza maji ya kunywa angelipenda, ni fahari ya Wangoni na wenzao waliopigana na Wajerumani tangu 1905 hadi 1907. Lakini Mkongo wa Kivu akilisikia huwakumbuka Mai-Mai, wapiganaji wenye silaha wa vijijini kwake. Na KADOGO, neno ambalo Nairobi hutumika kwa bidhaa zinazouzwa kwa vipimo vidogo ili mwenye senti chache apate, Kongo lilikuwa jina la watoto walioshikishwa bunduki katika vita vya 1996 na 1997. Mtu akifungua Duka la Kadogo katikati ya Misiera, ajue kwamba mteja wake wa kwanza aweza kuwa mama aliyepotelewa na mtoto kwa jina hilo hilo.

Hatimaye kuna mtego wa lugha jirani. Mbarara ni mji wa ng'ombe na maziwa. Kwa Kinyankole maziwa ni amate. Mtu akitaka kuwapendeza wenyeji kwa kuandika MATE SAFI mbele ya duka la maziwa, Waswahili watakaopita watasoma kwamba humo ndani yanauzwa mate yasiyo na uchafu. Hapana shaka watacheka sana, lakini hawatanunua.

Mifano hii haina nia ya kumtia mtu hofu. Inaonyesha kwamba kuchagua jina ni kazi ya elimu: inahitaji mtu ajuaye historia, ajuaye lahaja, na asiyeona haya kuwauliza wazee. Je, mtu huyo ni nani kama si mwalimu wa lugha?

WENZETU WA MBALI

Jambo hili si la Afrika Mashariki tu. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wamelipigania kwa miaka mingi. Lugha yao ilipewa wiki yake ya kitaifa tangu 1975, ikawa lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 1987, na watu wengi wakaanza kuyapenda maneno yake, wakiwemo wasioyajua. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba kiwanda kimoja cha bia nchini Canada kilikuwa kimeiita bia yake Huruhuru, kwa kuwa wenyewe walisoma mahali kwamba neno hilo lina maana ya unyoya. Ni kweli linayo maana hiyo. Lakini Mmaori wa kawaida akilisikia hufikiri kwanza juu ya nywele za sehemu za siri. Kamusi haikudanganya. Walichokosa ni kumuuliza msemaji mmoja wa lugha hiyo.

Wamaori hawakuishia kulalamika. Sheria ya alama za biashara ya New Zealand ya mwaka 2002 iliunda kamati ya kushauri, ili mtu akitaka kusajili alama yenye neno au mchoro wa Kimaori, wenye kuijua mila hiyo watazame kama inawaudhi wenyewe. Kamati hiyo hushauri tu, na uamuzi hubaki kwa ofisi. Hata hivyo, kule kuwapo kwake kumewafanya watu waulize kwanza. Sisi wenye lugha inayosemwa na mamilioni ya watu katika nchi nyingi tuna kamati gani inayofanya kazi hiyo?

Maana yetu nayo imechukuliwa. Kampuni ya Disney iliomba nchini Marekani mwaka 1994, na mwaka 2003 ikasajiliwa, alama ya biashara ya maneno Hakuna Matata kwa ajili ya mavazi. Mwishoni mwa 2018 watu zaidi ya laki moja walitia sahihi kupinga. Tuseme ukweli: usajili huo hauwezi kumzuia mtu kusema hakuna matata, wala haumfikii mchuuzi wa Misiera. Lakini unatuonyesha jinsi maneno ya watu yawezavyo kufanywa mali na wasiokuwa na habari nayo. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza ilitaka kusajili neno Kikoy huko kwao. Wakenya walipinga, na jambo hilo halikufaulu. Somo tunalolipata ni kwamba mwenye neno akisema, husikilizwa. Akinyamaza, hudhaniwa kuwa hayupo.

Wapo pia waliochukua vizuri. Mchezo wa vijiti vya kupanga uitwao Jenga ulioonyeshwa London mwaka 1983 ulibuniwa na Leslie Scott, ambaye alikulia Afrika Mashariki. Neno hilo ni amri rahisi, nayo ni kazi ile ile anayoifanya mchezaji. Aliyelichagua alijua neno lasema nini na nani atakuwa akiambiwa. Hilo ndilo tunalolitaka, kwa mgeni na kwa mwenyeji.

TUNAWAJIBU WANAOTUPINGA

Wapo wasemao: duka ni la mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kuliita apendavyo. Twakubali. Hatuombi sheria wala polisi wa majina. Lakini haki ya kuchagua bila kujua unachokichagua ni haki nusu. Ofisi inayosajili majina ya biashara hutazama kama jina limekwisha chukuliwa na mwingine. Haina kazi ya kumweleza mwombaji kwamba jina lake liliwahi kuwa jina la msako. Hiyo ni kazi ya jirani mwema mwenye elimu.

Wengine husema: Kiingereza ndicho kiletacho fedha, kwa kuwa wafadhili na wakopeshaji husoma Kiingereza. Hoja hii imewapotosha watu wengi. Mteja wa kila siku wa kioski cha Misiera ni jirani yake, anayenunua kikombe cha unga na nusu kipande cha sabuni. Huyo ndiye aletaye fedha. Mkopeshaji mwenye akili atasoma daftari la mauzo kabla hajasoma kibao. Ikiwa pana haja ya mgeni kujua kinachouzwa, na iandikwe chini kwa herufi ndogo. Kwa sasa tunaona kinyume chake: vibao ambavyo juu yake jina la mfadhili limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina la mwenye jasho, na Kiswahili chake kimevunjika kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kumpa mwalimu akisome kabla hakijachapwa.

Hapa tungependa kueleweka vema, maana wapo watakaosema kwamba tunataka kuwasahihisha Wakongo. La hasha! Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa uamuzi uliofanywa katika enzi ya ukoloni, na msemaji wa Kiswahili cha Bukavu au Uvira hakuulizwa. Mama akiandika MUKATE MUZURI kama asemavyo nyumbani kwake, hajakosea. Ameandika lugha ya mama yake, na wateja wake watalijua kuwa ni jina la kwao. Kalamu nyekundu isimkaribie. Aliyekosea ni shirika lenye fedha na ofisi, linalochapisha mamia ya vibao katika Kiswahili kisichosemwa Bukavu wala Unguja wala mahali pengine popote chini ya jua.

Kuna hoja ya tatu, nayo ni nzito kuliko zote. Wasema: hapa Uganda Kiswahili ni lugha ya askari na ya wezi, na mtu wa Mbarara hawezi kuingia katika duka lenye jina la Kiswahili kwa moyo mweupe. Hatuwezi kuicheka hoja hii. Mifano tuliyoitoa hapo juu yathibitisha kwamba hofu hiyo ina asili. Amin alikifanya Kiswahili lugha ya taifa mwaka 1973, na wengi walikisikia kwanza katika kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini hofu haiondolewi kwa ibara ya katiba, wala kwa kumkaripia mtu kwamba hapendi Uafrika. Huondolewa kwa mazoea mapya. Mzee aliyeambiwa kwa Kiswahili "simama!" na "lala chini!" anahitaji kuambiwa kwa Kiswahili, siku nyingi mfululizo, karibu, keti, na hii hapa chenji yako. Mtaala hauwezi kuifanya kazi hiyo peke yake. Duka laweza, na jina lake ndilo neno la kwanza atakalolisoma.

JINA LIPIMWE VIPI

Twapendekeza maswali matatu, ambayo mwalimu aweza kumwuliza mtu yeyote ajaye kwake na jina mkononi.

La kwanza: ni nani watakaolisikia? Wasiorodheshwe wale tu wa kabila la mwenye duka. Awekwe Mkongo, Mrundi, Mnyarwanda, Msomali na Mnyankole, awekwe mzee na kijana, na kila mmoja aulizwe neno hilo lamkumbusha nini. Kazi hii yaweza kufanywa kwa alasiri moja chini ya mti.

La pili: jina linaahidi nini, na je, ahadi hiyo yaweza kutimizwa? Muuza unga akijiita KIPIMO HALALI amejifunga mbele ya watu. Kikombe chake kikiwa na kitako kilichobonyezwa ndani, jina litamshtaki kila siku. Hiyo ndiyo sifa ya jina jema: humlinda mteja, na humlinda mwenye duka na tamaa yake mwenyewe. Majina kama BEI MOJA na DENI HALINA ADABU yana kazi. Jina lisilo na maana halina.

La tatu: nani anasema, na nani anaambiwa? Tuchukue JITEGEMEE, neno zuri, ambalo Tanzania limepewa shule na viwanda. Kwa sarufi ni amri kwa mtu mmoja. Nchini Uganda, mkimbizi amelisikia neno kujitegemea sana katika mikutano, na mara nyingi lilikuja pamoja na mgao uliopungua. Mwaka 2020 Mpango wa Chakula Duniani ulipunguza mgao wa wakimbizi nchini humo kwa asilimia 30 kwa kukosa fedha. Neno hilo likiandikwa juu ya duka la mkimbizi, laonekana kama yeye sasa anamwambia jirani yake mwenye njaa yale aliyoambiwa yeye. Herufi mbili tu zatosha kuligeuza: TUJITEGEMEE. Sasa wamesimama pamoja. Mwalimu aliyefundisha viambishi vya nafsi miaka kumi, ameona wapi mfano bora kuliko huo?

Tuutazame pia mfano wa mithali. Mama mpishi akitaka kuandika MGENI NJOO, mteja atajikamilishia mwenyewe: mwenyeji apone. Katika nchi nyingine ni mithali ya ukarimu tu. Nakivale ina kina zaidi, kwa kuwa mwenye mkahawa ni mgeni wa nchi, naye anamkaribisha mwenyeji wa nchi ili mgeni apone. Lakini mtu asije akaichukua mithali nyingine, ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akaitia juu ya duka la majembe kwa mzaha. Watu waliopewa jembe kweli, siku chache baada ya kuvuka mpaka, hawatacheka.

TUFANYE NINI

Ndugu walimu, hatupendekezi mradi mkubwa wala ofisi mpya. Kila shule ya Nakivale na ya Mbarara yenye mwalimu wa Kiswahili yaweza kuwa na siku moja ya mwezi ambapo mlango uko wazi kwa mtu yeyote atafutaye jina. Ushauri huo uwe wa bure kabisa, maana mshauri anayelipwa hupenda kuongeza maneno. Wanafunzi wa madarasa ya juu wapewe zoezi la kuandika majina yote ya maduka katika mtaa mmoja, waulize wenye maduka kwa nini waliyachagua, na wayalete darasani yajadiliwe kwa heshima. Hapo watajifunza ngeli, historia na adabu kwa pamoja. Majina yaliyopatikana yawekwe katika daftari la chama, pamoja na maana zake katika lahaja mbalimbali na hatari zake, ili mwalimu wa mwakani asianze upya.

Na mashirika yanayofadhili biashara ndogo tunayaomba jambo moja tu: kabla ya kupeleka maneno kwa mchapaji, yapelekeni kwa msemaji. Gharama yake ni kikombe cha chai.

Tunajua kwamba mtu mwenye njaa hatashiba jina. Unga, chumvi na mtaji huja kwanza, na asiye na bidhaa hana haja ya kibao. Walakini mithali yetu yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kitu kizuri hakiwezi kujiuza kama watu waona haya kulitamka jina lake, au waogopa. Mfanyabiashara wa Misiera atakayekuja kwetu na neno lake ametuletea lugha yetu iliyo hai, mahali inapofanya kazi. Tumpokee, tumpe kiti, na tumwulize kwanza: ndugu, watu wako watalisikiaje?